Sitini au Tisini: Jinsi ya Kuyapata Maneno Penye Kelele Ukivaa Kifaa cha Sikio

Mteja wangu wa Busia alisimama nami mlangoni pa mashine, mkono begani kwangu, akasema anataka magunia sitini ya unga. Nikampakilia tisini. Lori lilikuwa limeshafika Jinja dereva alipomsomea hati ya mzigo kwa simu, na ugomvi ukaanza hapo. Mimi naapa hadi leo kwamba nilisikia tisini. Yatamke yote mawili polepole: sitini, tisini. Irabu ni zile zile, i-i-i, na mwisho ni "ni" ule ule. Tofauti yote imebebwa na s na t, na hizo ndizo sauti ambazo masikio yangu yalikuwa yameacha kuzipokea bila mimi kujua.

Nimesaga mahindi Kisenyi, hapa Kampala, kwa miaka 26. Wanaonunua kwangu ni Wakenya, Wakongo, watu wa Sudan Kusini, Wasomali, Wanubi wa Bombo, na biashara yote hiyo huendeshwa kwa Kiswahili, huku kinu kikinguruma nyuma. Nilipopimwa, mchoro wa usikivu wangu ulionyesha mstari unaokwenda vizuri kwenye sauti nzito, kisha unaporomoka karibu na hezi 4000, yaani kwenye sauti nyembamba. Mporomoko huo ndio wa watu wa mashine, wa bunduki na wa majenereta. Irabu ni sauti nzito, kwa hiyo nilikuwa nasikia kwamba mtu anasema. Alichosema ndicho kilichonipotea: fika, shika na pika yalikuwa neno moja kwangu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye kama mimi, na kwa mke au mtoto wake aliyechoka kurudia maneno. Yamenichukua miaka kuyajua, na mengine yamenigharimu.

Tafuta pengo, usitafute sauti kubwa

Kifaa changu cha kwanza nilikinunua kwa mtu aliyekuwa na mezani vifaa vya simu, saa na redio. Kilikuwa kimoja, chenye kitufe cha kupandisha sauti na kushusha. Nyumbani usiku nilifurahi. Asubuhi mashine zilipowashwa nikakivua kwa mikono miwili: kilikuza kinu, kikakuza honi za barabarani, kikamkuza na mteja, vyote kwa kadiri moja. Nilirudi nilikoanzia, ila kwa maumivu.

Kinachokuwezesha kuelewa neno ni tofauti kati ya sauti ya msemaji na kelele inayomzunguka, pale zinapofika sikioni mwako. Mimi naiita pengo. Mtu mwenye masikio mazima anaweza kufuata mazungumzo hata sauti na kelele zikiwa karibu sawa. Sikio lililoharibika ndani linahitaji sauti iizidi kelele kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) kadhaa zaidi, maana zile seli ndogo za ndani zikifa, sauti haipungui tu, huchafuka pia. Ndiyo sababu kifaa cha sikio hakifanyi kazi kama miwani. Kila ninachokueleza hapa chini, kuanzia kununua hadi kuchagua kiti, ni njia ya kulipanua pengo hilo.

Kabla ya kutoa pesa

Anza kwa daktari wa masikio. Hospitali ya rufaa ya Mulago ina kitengo cha masikio, pua na koo. Kazi ya kwanza ni kutazama ndani, kwa kuwa nta iliyoganda au usaha huenda ndiyo shida yote. Na kama sikio moja limezima ghafla, kwa usiku mmoja au siku mbili, usingoje siku ya kwenda kununua kifaa: hiyo ni dharura, na dawa husaidia zaidi ikianza mapema.

Ukipimwa, usitosheke na kipimo cha milio ndani ya chumba kimya. Milio huonyesha ni sauti zipi umezipoteza, lakini haisemi utakuwaje sokoni. Omba upimwe kwa maneno, kisha kwa maneno yenye kelele. Mimi nilikwenda na binti yangu. Njiani kwenye teksi aliandika orodha ambayo sikuiona: sita, tisa, sitini, tisini, fika, shika, pika, kata, pata, chapa. Mtaalamu akaweka spika nyuma yangu ikitoa kelele ya watu wengi wakizungumza, binti akakaa mita moja mbele yangu na karatasi mdomoni nisisome midomo yake. Bila kifaa nilipata maneno manne. Nikiwa na vifaa, nane. Kipimo hicho cha binti yangu kilinifundisha kuliko michoro yote, na hakuna anayekukataza kukifanya na mtu wako.

Masikio yote mawili yakiwa yamepungua, nunua vifaa viwili. Ubongo huyalinganisha masikio mawili ili ujue sauti inatoka wapi na kuivuta katikati ya nyingine. Ukiwa na kimoja, uwezo huo unadhoofika, na penye kelele ndipo unapouhitaji zaidi.

Kisha dai jambo ambalo wauzaji wengi huliruka: kifaa kikiwa sikioni, mtaalamu aingize kijibomba chembamba chenye maikrofoni, apime sauti inayofika karibu na ngoma ya sikio lako. Tundu la sikio la kila mtu lina upana na urefu wake, na mpangilio unaokisiwa na kompyuta huenda ukakosa zile s na t unazozitafuta. Ningeambiwa nichague kati ya kifaa cha bei ya juu kilichopangwa kwa kubahatisha na cha bei ya kati kilichopimwa hivi, ningechukua cha pili bila kufikiri mara mbili. Uliza pia muda wa kujaribu na kurudisha, na uandikiwe.

Kilichomo ndani, na kinachoweza

Kifaa kizuri huwa na maikrofoni mbili, moja mbele na moja nyuma yake, zikiachana kwa milimita chache. Sauti itokayo mbele yako huigusa ya mbele kwanza, ikachelewa kidogo mno kuifikia ya pili. Kompyuta ndogo iliyo ndani hutumia tofauti hiyo kuzishusha sauti za nyuma na za pembeni. Jambo hili ndilo lililonisaidia kuliko yote yaliyomo kwenye kifaa, lakini lina masharti: umtazame msemaji, awe karibu, mita moja au mbili, na kelele iwe mgongoni. Ukigeuza kichwa kumtazama mtu mwingine, umezigeuza na maikrofoni.

Kuna sehemu nyingine wanayoisifu sana, ya kupunguza kelele. Inatambua mngurumo usiobadilika, wa feni au injini, na kuushusha. Kichwa hupumzika, na jioni huchoki kama zamani. Hilo ni faida ya kweli. Usitegemee tu kwamba itakuongezea maneno mengi, kwa sababu mngurumo na sauti ya mtu vikiwa na uzito au wembamba ule ule, hushuka pamoja. Na penye watu wengi wanaosema, kelele yenyewe ni maneno.

Hapo ndipo vifaa vipya vinapojaribu kwenda mbele. Vingine sasa vina programu iliyofundishwa kwa mifano mingi mno ya usemi na kelele hadi ikajifunza kuvitenga. Mwaka 2024 Phonak, kampuni ya vifaa vya masikio, walitoa Audéo Sphere Infinio, chenye chipu yake maalumu kwa kazi hiyo tu. Kazi hiyo hula betri, kwa hiyo mwenye kifaa cha namna hiyo ajue atakichaji wapi umeme ukikatika. Kama uwezo unao, kijaribu. Kama hauna, usikate tamaa, maana sehemu kubwa ya pengo haipatikani ndani ya kifaa.

Jambo dogo lenye uzito: kikofia cha mpira kinachoingia sikioni. Chenye matundu makubwa kinapendeza, sauti yako mwenyewe haivumi kama umeingiza kichwa mtungini. Lakini matundu hayo huingiza mngurumo wa kinu moja kwa moja, bila kupita kwenye kompyuta. Mimi nilianza na vya wazi, nikabadilishiwa vinavyoziba zaidi. Wiki mbili sauti yangu ilinikera, kisha nikaizoea, na mteja mbele yangu akasikika. Zungumza na mtaalamu wako juu ya hili kabla hujalaumu kifaa. Mwombe pia akuwekee mpangilio wa pili, wa penye kelele, unaoufikia kwa kitufe au kwa simu.

Pa kukaa na pa kusimama

Ukiupunguza umbali kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 6 mahali pasipo mwangwi mwingi. Kutoka mita mbili hadi mita moja, desibeli 6. Kutoka mita moja hadi nusu mita, nyingine 6. Hakuna kifaa nilichokijua kinachokupa kiasi hicho kwa bei ya hatua moja. Basi sogea. Mimi niliona haya, hasa kwa wateja wanawake, mpaka nilipoanza kueleza sababu kwanza.

Ofisi yangu ilikuwa imepangwa vibaya miaka yote. Nilikaa nikizitazama mashine ili niwaone vijana wakifanya kazi, na mteja alikaa mbele yangu akizipa mgongo. Maana yake ni kwamba sauti ya mteja na ngurumo ya kinu vilikuwa vinanijia kutoka upande mmoja, na maikrofoni zikavichukua vyote kama kitu kimoja. Niligeuza meza. Sasa mashine ziko nyuma yangu, mteja ana ukuta nyuma yake, na kwenye ukuta huo nimetundika kioo cha kunyolea kikubwa, navitazama vinu kupitia hapo. Magunia matupu nimeyapanga hadi dari pembeni ili sauti isigonge matofali na kurudi. Dirisha linamwangazia mteja usoni, kwa sababu midomo hunipa nusu ya f na sh. Kazi yote ilikuwa ya mchana mmoja.

Mlangoni pa kinu chenyewe, kikiwa kimewashwa, sizungumzi biashara tena. Navua vifaa, navaa vikinga masikio vya kufunika, na mteja namshika mkono tunakwenda nje. Kifaa cha kusikia hakilindi sikio. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, mahali hapo pana kelele ya desibeli 85 hivi au zaidi, na saa 8 kwa siku za kelele hiyo, mwaka baada ya mwaka, zinatosha kukuharibu. Vijana wangu wote nimewanunulia vikinga. Walivikataa kwa sababu ya joto. Nikawaonyesha mchoro wangu wa usikivu, nao wakavaa.

Kwenye teksi za abiria kumi na nne msemaji huwa pembeni yako na injini mbele, kwa hiyo ule mpangilio wa kusikiliza mbele hukugeukia. Rudisha mpangilio wa kawaida, funga dirisha lako, mketishe mwenzako upande wa sikio zuri. Nauli kubaliana na kondakta kabla hujapanda. Kwenye boda boda upepo hupiga maikrofoni kama kitambaa kinachopasuka, na kofia ikikandamiza kifaa hupiga mluzi. Malizeni mazungumzo kabla ya kuwasha pikipiki.

Kwenye harusi na kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, fika mapema. Tafuta spika ziko wapi, kaa mbali nazo ukizipa mgongo, meza ya pembeni yenye watu wachache. Msikitini tatizo ni jingine: kuta ngumu na kuba huirudisha sauti mara nyingi, na mwangwi hutoka pande zote, kwa hiyo hakuna mgongo wa kuupa. Dawa ni safu ya kwanza. Karibu na imamu sauti yake yenyewe inaushinda mwangwi, na ukirudi nyuma mwangwi unaishinda. Tangu nianze kuwahi safu ya mbele, hotuba ya Ijumaa naipata karibu yote.

Mvua ikipiga mabati, acha. Mvua kubwa hufunika s, f na sh kwa wote, hata wenye masikio mazima. Chukua kalamu.

Maikrofoni iliyo karibu na mdomo

Kama ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu baada ya vifaa vyenyewe, ningenunua maikrofoni ya pembeni. Ni kidude kidogo ambacho msemaji hukivaa kifuani au hukiweka mezani, na sauti yake huja kwa redio hadi kwenye vifaa vyako. Roger ya Phonak ni mojawapo. Kampuni nyingine nazo zina zao. Uzuri wake unatokana na umbali ule ule niliousema: maikrofoni iko shubiri moja kutoka mdomoni, kwa hiyo sauti inaingia ikiwa na nguvu na kelele ikiwa nyuma sana. Mke wangu huivaa tukienda soko la Owino. Yeye yuko mbele anabishania bei ya vitambaa, mimi nyuma na mizigo, nami namsikia kana kwamba tumekaa kitandani. Mara ya kwanza nilisimama katikati ya njia, machozi yakanijia, watu wakinisukuma.

Kabla ya kununua kifaa cha sikio, uliza kama kinapokea maikrofoni ya namna hiyo. Vingine havipokei, na utakuja kujua umechelewa.

Asiyeweza kuinunua bado ana simu. Programu ya Google iitwayo Live Transcribe, kwenye Android, huandika maneno ya Kiswahili mtu anapoyasema. Hukosea penye kelele kama sisi, lakini ukimpa mteja simu aiweke karibu na mdomo, utakisoma alichosema badala ya kukikisia.

Waambie watu wafanye nini

Kusema "sisikii" hakusaidii. Mtu hupiga kelele, na sauti ya kupiga kelele hurefusha irabu na kuzimeza konsonanti, yaani inakuza kile ulichonacho tayari. Mwambie unachotaka. Mimi husema: "Ndugu yangu, navaa vifaa vya masikio. Nitazame, sema polepole, usipaze." Nyumbani tumekubaliana waniite kwanza, "Baba", wangoje nigeuke, ndipo waseme. Nisipolipata neno mara ya kwanza, wasilirudie lile lile mara tatu. Waseme kwa njia nyingine. "Nimeshika" likinishinda, "ninacho mkononi" litapita.

Nambari zina sheria yake. Wateja wangu wa kudumu sasa husema "sitini, dakika za saa", na tisini nasema mimi, "tisini, kumi pungufu ya mia?", nao hutikisa kichwa kukubali au kukataa. Kisha naandika kwa chaki kwenye kibao, mteja anasoma, ndipo gunia la kwanza linanyanyuliwa.

Vumbi, jasho na betri

Unga ni adui. Huziba matundu ya maikrofoni, na tundu la mbele likiziba, ule uwezo wa kuchagua mbele na nyuma hupotea bila kifaa kuzima, ukadhani masikio yamezidi kuharibika. Kila jioni futa kwa kitambaa kikavu, piga matundu kwa brashi laini huku yakitazama chini, na ubadilishe kichujio cha nta sauti ikififia. Usiku viweke ndani ya mkebe unaofunga vizuri wenye vidonge vya kunyonya unyevu.

Betri za kutupwa hutumia hewa. Ukibandua kile kistika imeanza kufanya kazi, na kukirudisha hakuizuii, kwa hiyo usibandue kabla ya wakati. Ukibandua, iache dakika chache ivute hewa ndipo uiweke. Rangi ya kistika hutaja ukubwa: 10 ni njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 buluu. Kariri rangi yako, kwa sababu dukani watakupa iliyopo. Wenye vifaa vya kuchaji wawe na pawabanki iliyojaa kila siku.

Miezi ya kwanza beba daftari. Ubongo uliokaa miaka bila s na t huzipokea kwa mshtuko. Karatasi, funguo na vyombo vitakukera. Vaa saa chache nyumbani, uongeze kila siku, ukimalizia na sokoni. Na kila ukikosa neno, andika mahali, msemaji, neno lenyewe na kelele iliyokuwapo. Ukurasa mmoja wangu unasema: "Jumanne, ofisini, mama wa Arua, alisema shika nikasikia fika, feni imewashwa, alikuwa upande wa kulia." Yalikuwa makosa sita ya aina hiyo, yote ya kulia. Mtaalamu akayasoma, akaongeza sauti nyembamba kidogo kwenye kifaa cha kulia, akanibadilishia na kikofia. Yule mama alirudi kununua pumba wiki iliyofuata, akanipa noti akisema "shika", nami nikaishika.